Anwani za Mtandao kwenye Windows XP: Programu Ikigoma, Anzia Hapa

Windows XP iliacha kupata masasisho tarehe 8 Aprili 2014, lakini mashine zilizonunuliwa pamoja nayo hazikustaafu siku hiyo. Mizani za viwandani, vipimo vya maabara na mifumo ya zamani ya mauzo bado inaendeshwa nayo, na mtu anayeandika programu ya kuzungumza na mashine hizo hukutana na matatizo yale yale ya anwani ambayo wenzake wamekuwa wakiyaripoti kwa miaka. Mwongozo huu ni wa programu za C na C++ zinazotumia Winsock, maktaba ya Windows ya mawasiliano ya mtandao, kwenye XP yenye Service Pack 2 au 3. Pale Windows 98 au 2000 inapotofautiana, imetajwa.

Sharti moja: usiguse kebo, ruta wala mipangilio kabla hujaisoma namba ya kosa. Makosa mengi ya anwani kwenye XP yamo ndani ya `sockaddr_in`, muundo unaobeba anwani na poti, iliyojazwa vibaya. Mtandao hauna hatia, na kuwasha upya ruta hakutabadilisha kitu.

Kwanza, pata namba iliyo sahihi

Winsock haitumii `errno`, kwa hiyo `perror` itakudanganya. Namba hutolewa na `WSAGetLastError()`, nayo iitwe papo hapo, kabla ya `printf`, kabla ya `closesocket`, kabla ya chochote:

```
if (connect(s, (struct sockaddr*)&a, sizeof(a)) == SOCKET_ERROR) {
    int kosa = WSAGetLastError();
    fprintf(stderr, "connect: %d\n", kosa);
}
```

Aina ya `SOCKET` haina alama ya hasi. Msimbo uliotoka Linux wenye `if (s < 0)` hautanasa kosa kamwe. Linganisha na `INVALID_SOCKET`. Ukiona 10093, `WSAStartup` haijaitwa, au `WSACleanup` imeitwa mara nyingi kuliko ilivyostahili, mara nyingi kwenye thredi nyingine.

Programu haifunguki: kisanduku kinasema `inet_pton` haipo ndani ya WS2_32.dll

Chanzo kikuu ni kwamba umeita kazi iliyozaliwa na Windows Vista. `inet_pton`, `inet_ntop`, `WSAPoll`, `if_nametoindex` na `GetTickCount64` hazimo kwenye XP. Windows hutafuta majina hayo yote wakati wa kupakia programu, kwa hiyo hata kama mstari wenyewe haungefikiwa kamwe, programu inakufa kabla ya `main`.

Weka `#define _WIN32_WINNT 0x0501` juu ya hedi zote, kisha kompaili tena. Kwenye C++ utapata kosa mahali hasa palipo na tatizo. Kwenye C angalia vizuri: kompaila inaweza kutoa onyo tu, kisha ikaunganisha kama kawaida, na ukabaki na ugonjwa ule ule. Chukulia kila onyo la kazi isiyotangazwa kuwa ni kosa.

Badala ya `inet_pton` tumia `getaddrinfo` yenye `AI_NUMERICHOST`. Badala ya `inet_ntop` tumia `getnameinfo` yenye `NI_NUMERICHOST`. Zote mbili zimo kwenye XP. Kwenye Windows 2000 hata `getaddrinfo` haimo, lakini ukiongeza `wspiapi.h` baada ya `ws2tcpip.h` unapata toleo mbadala linaloingizwa ndani ya programu yako.

Msimbo wako ukiwa safi na kisanduku bado kinatokea, mkosaji ni DLL (faili la maktaba) ya mtu mwingine uliyoitegemea. Endesha `dumpbin /imports` kwa kila DLL mpaka jina lionekane. Ikiwa DLL hiyo huna msimbo wake, simama hapo na utafute toleo lake la zamani au uwasiliane na aliyeitengeneza. Usinakili WS2_32.dll kutoka Windows 7 kuiweka kwenye System32 ya XP. Faili hilo lina ndugu zake wanaolitegemea, na unaweza kuiacha mashine nzima bila mtandao.

Ujumbe ukiwa mwingine, kwamba faili si programu halali ya Win32, hilo halihusiani na anwani: umekompaili kwa biti 64, au kwa vifaa vipya visivyoitambua XP. Visual Studio 2017 ina seti ya `v141_xp` kwa kazi hiyo, na toleo la subsystem liwe 5.01.

10061: imekataliwa, ilhali seva unaiona inafanya kazi

Namba 10061 ni habari njema kiasi. Kuna kompyuta imejibu. Imesema tu kwamba poti hiyo haina anayesikiliza. Basi anza na poti.

Kwenye mashine ya seva andika `netstat -ano` na uisome safu ya anwani. Ukiona inasikiliza kwenye 36895 badala ya 8080, au 20480 badala ya 80, umesahau `htons`, inayopanga baiti za poti kwa mpangilio wa mtandao. Baiti mbili zimegeuzwa: 8080 ni 0x1F90, ikigeuzwa inakuwa 0x901F, yaani 36895. Zikariri namba hizi mbili, zitakuokolea muda. Ikiwa seva na mteja wote wamesahau `htons`, wataelewana vizuri kabisa kwa miezi, mpaka siku mmoja wao atakapoandikwa upya.

Kosa la karibu na hilo ni kutumia `htonl` kwenye poti. Thamani inakuwa ya biti 32, inakatwa kuingia kwenye biti 16, na kinachobaki ni sifuri. `bind` yenye poti sifuri haishindwi; inapewa poti yoyote iliyo wazi. Kwa hiyo dalili ni seva inayobadilisha poti kila ikiwashwa. Upande wa mteja, `connect` kwenda poti sifuri hurudisha 10049.

Poti ikiwa sahihi, tazama anwani iliyo kando yake. `127.0.0.1:8080` maana yake seva inasikiliza ndani ya kompyuta yake peke yake. Wa nje hawataipata. Inatakiwa `0.0.0.0:8080` au anwani halisi ya kadi.

Fayawoli huwa haileti 10061. Ile ya XP, ambayo Service Pack 2 huiwasha yenyewe, huzitupa pakiti kimyakimya, kwa hiyo mteja husubiri kisha hupata 10060 (muda wa kusubiri umekwisha). Ukiona 10060, fungua poti hiyo kwenye orodha ya ruhusa za fayawoli. Usiizime fayawoli kwa majaribio na kuisahau: XP isiyopata masasisho ikiachwa wazi kwenye mtandao ni hatari kwa kila kompyuta iliyo karibu nayo.

10049: anwani haipatikani

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu namba moja ina vyanzo vinne tofauti.

Cha kawaida kabisa: `bind` imepewa anwani ambayo kompyuta hii haina. Faili la mipangilio limenakiliwa kutoka mashine nyingine, au DHCP, huduma inayogawa anwani, imebadilisha anwani. Linganisha na `ipconfig /all`. Ikiwa huna sababu maalumu ya kuchagua kadi, tumia `INADDR_ANY`.

Cha pili ni msimbo wa Linux unaofanya `connect` kwenda 0.0.0.0 ukitarajia kufika kwenye kompyuta hiyo hiyo. Linux inakubali; Windows inakataa. Andika 127.0.0.1.

Cha tatu ni poti sifuri, ambayo tumeshaieleza.

Cha nne kinaudhi zaidi kwa sababu huja na kuondoka. Kebo ikichomolewa, au swichi ikizimwa, XP huiondoa anwani ya kadi hiyo kwenye matumizi mpaka kebo irudi. Programu inayowaka pamoja na Windows inaweza kufika kwenye `bind` kabla swichi haijawa tayari au kabla DHCP haijajibu. Asubuhi inashindwa, fundi akija na kuiwasha kwa mkono inafanya kazi, anaondoka akiamini amerekebisha. Tiba iko kwenye msimbo: `INADDR_ANY`, au kitanzi kinachojaribu `bind` tena kila baada ya sekunde 5 na kuandika kila jaribio kwenye faili la kumbukumbu. Msiwasumbue watu wa mtandao kwa hili.

Na ikiwa unatumia 127.0.0.2 au anwani nyingine ya kujirudia isiyo 127.0.0.1, ujue XP yenye Service Pack 2 ina kasoro inayojulikana hapo; Microsoft waliitolea rekebisho KB884020. Kutumia 127.0.0.1 kunaondoa tatizo bila kusakinisha kitu.

Anwani uliyoandika siyo inayotumika

Hakuna namba ya kosa hapa, na ndiyo maana inahitaji umakini. `inet_addr` ina tabia ambazo mtumiaji anayejaza fomu hazijui.

Sifuri ya mbele humaanisha namba ya mfumo wa nane. Mtu akiandika 192.168.010.5 ili safu zikae sawa, programu inakwenda 192.168.8.5. Sehemu zikipungua, ya mwisho hujaza nafasi zilizobaki: 192.168.5 inakuwa 192.168.0.5, na 10.1 inakuwa 10.0.0.1. Kwa hiyo kosa la kidole la kuruka sehemu moja halikataliwi, linatafsiriwa. Dawa ni kuikagua anwani mwenyewe kabla ya kuipeleka: sehemu nne, tarakimu tupu, kila moja kati ya 0 na 255, na hakuna sifuri ya mbele.

Maandishi yasiyosomeka kabisa hurudisha `INADDR_NONE`, ambayo ni 0xFFFFFFFF, yaani 255.255.255.255. Usipokagua, programu ya UDP itajaribu kutangaza kwa mtandao mzima.

Anwani ikionekana kinyume, 10.1.168.192 badala ya 192.168.1.10, umeipitisha `htonl` juu ya matokeo ya `inet_addr`. Matokeo hayo tayari yako kwenye mpangilio wa mtandao, yaache.

Kumbukumbu ikionyesha anwani ya mteja na ya seva zinafanana kila mara, tazama kama umeita `inet_ntoa` mara mbili ndani ya `printf` moja. Kila thredi ina bafa moja tu ya kazi hiyo, na mwito wa pili huandika juu ya wa kwanza. Nakili matokeo kabla ya kuita tena. `gethostbyname` nayo iko vivyo hivyo.

Na 10014 kwenye `bind` au `connect`? Mara nyingi umepitisha `sizeof` ya pointa, ambayo ni 4, badala ya `sizeof` ya muundo, ambayo ni 16. Ikiwa ni 10047, `sin_family` haijajazwa. Safisha muundo kwa `memset` kabla ya kuujaza.

Programu inatangaza anwani isiyo yake

Kompyuta ina anwani 192.168.1.20, programu inawaambia wenzake wamtafute 192.168.56.1. Chanzo ni `gethostname` ikifuatwa na `gethostbyname`, kisha kuchukua `h_addr_list[0]`. Kwenye kompyuta yenye kadi zaidi ya moja, VPN, au VirtualBox, anwani ya kwanza kwenye orodha haina uhusiano na njia itakayotumika.

Njia ya kuaminika ni kuiuliza XP yenyewe ingepitia wapi. Fungua soketi ya UDP, fanya `connect` kuelekea anwani ya seva, kisha soma `getsockname`. `connect` ya UDP haitumi pakiti yoyote. Inachagua njia tu. Anwani unayopata ndiyo seva itakayoiona, isipokuwa katikati pawe na NAT, yaani ubadilishaji wa anwani njiani.

Ukitaka orodha kamili, tumia `GetAdaptersAddresses` na uanze na bafa ya KB 15. Windows 98 na 2000 zina `GetAdaptersInfo` tu.

Anwani ikianza na 169.254, hiyo si kosa la programu. Windows imejipa yenyewe baada ya kumkosa DHCP. Hakikisha kebo, kisha `ipconfig /release` na `ipconfig /renew` (kwenye 98 ni `winipcfg`). Ikirudi 169.254 tena, na kompyuta nyingine kwenye swichi hiyo hiyo zina hali hiyo hiyo, acha. Hiyo ni kazi ya msimamizi wa mtandao. Kuweka anwani ya kubahatisha kwa mkono kunaweza kumgonga mwenzako.

Mgongano wenyewe hutambulika hivi: mawasiliano yanakatika na kurudi bila mpangilio, na kwenye kumbukumbu za matukio ya XP kuna tukio namba 4199 la Tcpip, likitaja namba ya kadi (MAC) iliyogongana nawe. Chomoa kebo ya mashine yako, nenda kwenye kompyuta nyingine, andika `arp -d *`, piga `ping` anwani ile, kisha `arp -a`. Hata kama ping imekataliwa na fayawoli, namba ya kadi ikitokea kwenye orodha, anwani ina mwenyewe mwingine. Mpelekee msimamizi namba hiyo ya kadi. Ndiyo atakayoitafutia kwenye swichi.

Kwenye mashine pepe inakataa, kwenye mashine halisi inakubali

Wengi hujaribia XP ndani ya VirtualBox. Kwa NAT, XP hupata 10.0.2.15, na anwani hiyo haifikiki kutoka nje. XP inaweza kuifikia kompyuta mwenyeji kwa 10.0.2.2, lakini kinyume chake hakiwezekani mpaka uweke uelekezaji wa poti, au ubadilishe kuwa daraja la mtandao. Ikiwa XP haioni kadi kabisa, chagua kadi ya PCnet-FAST III. XP ya biti 32 ina dereva wake tayari.

10048 (poti inatumika tayari), au 10055 (nafasi imekwisha) baada ya saa kadhaa za kazi nzuri

Ikitokea mara tu programu inapowaka, kuna mwingine kwenye poti hiyo. `netstat -ano` itakupa PID (namba ya programu inayoendeshwa), na `tasklist` itakupa jina. Usikimbilie `SO_REUSEADDR`. Kwenye Windows inaruhusu programu mbili kukaa kwenye poti moja kwa wakati mmoja, na hakuna ajuaye pakiti itamfikia nani. Kwa seva weka `SO_EXCLUSIVEADDRUSE`.

Ikitokea baada ya muda, upande wa anayefungua miunganisho mingi mifupi, poti za muda zimekwisha. XP hutumia 1025 hadi 5000, na kila poti iliyofungwa hukaa kwenye hali ya kusubiri, TIME_WAIT, kwa sekunde 240. Piga hesabu: zaidi ya miunganisho 16 kwa sekunde mfululizo, utakwama. Tiba bora ni kuuacha muunganisho mmoja wazi na kuutumia tena. Ikishindikana kabisa, chini ya `HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\Tcpip\Parameters` ongeza DWORD `MaxUserPort` (hadi 65534) na `TcpTimedWaitDelay` (isishuke chini ya 30), kisha washa upya.

Matangazo (broadcast) na makundi (multicast) ya UDP

10013 kwenye `sendto` kuelekea 255.255.255.255: hukuweka `SO_BROADCAST`. Ikiwa hakuna kosa lakini hayafiki, na kadi ni zaidi ya moja, tangazo limetoka kwa kadi nyingine. Tuma kwa anwani ya tangazo ya mtandao husika, mfano 192.168.1.255.

10042 unapojiunga na kundi kwa `IP_ADD_MEMBERSHIP`: hedi na maktaba haziendani. Kwenye `winsock.h` ya zamani thamani yake ni 5, kwenye `ws2tcpip.h` ni 12. Ukikompaili kwa hedi ya zamani na kuunganisha na `ws2_32.lib`, unaomba kitu kisichokuwepo. Sababu ni kwamba `windows.h` huiingiza `winsock.h` kimyakimya. Weka `winsock2.h` juu yake, na `WIN32_LEAN_AND_MEAN` kwa usalama.

Jina linapatikana kwa ping, programu inasema 11001 (jina halikupatikana)

Au kinyume chake. `nslookup` humuuliza DNS peke yake. `Ping` hupitia pia faili la hosts na NetBIOS. Kwa hiyo pima kwa `ping`, kwa kuwa hufuata njia ile ile ya programu yako. Faili la hosts liko `C:\WINDOWS\system32\drivers\etc`, na kwenye 98 liko `C:\WINDOWS`. Hakikisha Notepad haikuliongezea `.txt`. Kisha `ipconfig /flushdns`.

Kwa IPv6, XP haiji nayo ikiwa imewashwa. Ni `netsh interface ipv6 install`. Hata ikiwashwa, soketi moja haiwezi kupokea IPv4 na IPv6 pamoja. Fungua mbili na uzisimamie kwa `select`.

Ping inafanya kazi, lakini kila programu ya mtandao inashindwa

Ukiona hata kivinjari kimekufa, na namba ni 10106 au 10047 kwenye `socket()` yenyewe, orodha ya Winsock imeharibika, mara nyingi baada ya kuondoa kirusi au antivirusi. Itazame kwa `netsh winsock show catalog`. Kuirudisha ni `netsh winsock reset` na kuwasha upya, kuanzia Service Pack 2.

Kabla ya kuigusa, andika `ipconfig /all > C:\anwani.txt` na unakili faili hilo nje ya mashine. `netsh winsock reset` huondoa vipande vya VPN na antivirusi vilivyojipachika hapo, navyo vitahitaji kusakinishwa upya. `netsh int ip reset` ni kali zaidi. Inaweza kufuta anwani iliyowekwa kwa mkono. Kwenye mashine inayoendesha kifaa cha hospitali au mtambo wa kiwandani, usitoe amri hata moja kati ya hizi mbili bila fundi wa kifaa hicho kuwepo na bila nakala kamili ya diski, kwa sababu programu za vifaa hivyo huenda zimefungwa kwenye anwani moja, na diski za kuzisakinisha upya hazipatikani tena.